Karatasi Husahau, Damu Haisahau

Mweya ni rasi iliyoinuka pale Mfereji wa Kazinga unapoingia katika Ziwa Edward, magharibi ya Uganda. Askari wa hifadhi wanaoishi huko pamoja na wake na watoto wao hujifunza mapema somo moja la majini: kiboko wa kuogopwa si yule aliyetoa mgongo juani. Huyo anaonekana, na nahodha humkwepa. Wa kuogopwa ni yule aliyezama kimya, ambaye hajulikani alipo mpaka mashua imeinuka.

Katika damu ya binadamu mna hatari za namna hiyo hiyo. Upo uadui unaoonekana kwa macho mara damu mbili zinapokutana, na upo uadui uliozama. Ule wa kwanza unafahamika na wengi waliokaa darasani au waliowahi kutoa damu: kwamba kuna makundi ya A, B, AB na O, na kwamba mtu wa kundi A hapewi damu ya kundi B. Wa pili hauzungumzwi sana, si katika kota za askari wala katika foleni ya hospitali, ingawa umewahi kuwaua mama waliopewa damu ya kundi lao wenyewe. Kipimo kinachouibua huo wa pili huitwa kipimo cha antiglobulini, au kipimo cha Coombs, kwa jina la mmoja wa waliokivumbua. Kinastahili kujulikana na kila nyumba, hasa nyumba ya askari, ambayo leo iko Kasese, kesho Moroto, na kesho kutwa haijulikani.

DAMU YA MUME

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, mtaalamu wa mji wa Vienna, alitangaza kwamba damu za watu si za namna moja. Alichanganya maji ya damu ya mtu mmoja na chembe nyekundu za mwingine, akaona kwamba mara nyingine chembe hubaki zimetawanyika vizuri, na mara nyingine hushikamana vibonge vibonge. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Tangu hapo kuongezewa damu kulianza kuwa tiba, si bahati nasibu.

Hata hivyo, ajali hazikwisha. Mwaka 1939 madaktari wawili, Philip Levine na Rufus Stetson, walieleza habari za mama mmoja aliyejifungua mtoto aliyekwisha kufa tumboni. Mama alikuwa amepungukiwa damu. Mumewe alikuwa wa kundi O kama yeye, kwa hiyo ikaonekana ni jambo la busara na la upendo kwamba mume atoe damu ampe mkewe. Mara mama akashikwa na baridi na maumivu makali, na baadaye mkojo wake ukawa na damu. Kundi lilikuwa moja, lakini damu zilikataana.

Sababu ilikuja kueleweka. Mtoto aliyekuwa tumboni alirithi kwa baba yake alama fulani iliyomo juu ya chembe nyekundu, ambayo mama hakuwa nayo. Damu kidogo ya mtoto iliingia katika damu ya mama, na mwili wa mama ukaiona alama hiyo kuwa ni ngeni, ukatengeneza kingamwili za kuipiga. Damu ya mume ilipoingizwa, kingamwili zilikuwa tayari zinaisubiri. Mwaka 1940 Landsteiner na mwenzake Alexander Wiener walitangaza kuivumbua alama iliyoitwa Rh, ile ambayo leo huandikwa pembeni ya kundi la damu kwa kujumlisha au kutoa.

Yafaa basi mume anayesimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, mkono wa shati umekunjwa, tayari kutoa damu kwa ajili ya mkewe, aelewe jambo hili. Nia yake ni njema kabisa, na damu yake yafaa itolewe ili iokoe mgonjwa mwingine. Lakini kwa mke aliyemzalia watoto, damu ya mume ndiyo iliyo na uwezekano mkubwa wa kukataliwa kuliko damu ya mtu wa mbali.

DAKTARI WA WANYAMA NDANI YA GARI MOSHI

Kwa nini kingamwili hizi hazikuonekana katika kipimo cha kawaida? Jawabu liko katika umbo lake. Kingamwili zinazopiga kundi A na B aghalabu ni kubwa, zenye mikono kumi. Karibu kila mtu, isipokuwa wa kundi AB, huwa nazo tangu utotoni bila hata kuongezewa damu. Zikikutana na chembe ngeni, hushika nyingi kwa pamoja, na vibonge vikaonekana mara moja. Lakini kingamwili zinazotokana na mimba au na damu aliyoongezewa mtu zamani aghalabu ni ndogo, zenye mikono miwili mifupi. Chembe nyekundu husukumana kwa nguvu ya umeme iliyo juu yake, kila moja ikikaa mbali na mwenzake, na mikono hiyo mifupi haiwezi kuvuka nafasi iliyobaki katikati. Hivyo kingamwili huikalia chembe, huipaka kama tope lipakavyo ukuta, lakini haiwezi kuivuta chembe ya jirani. Mtaalamu akitazama mrija wake huona damu safi, iliyotulia. Mwilini, hata hivyo, wengu na ini huzitambua chembe zilizopakwa, na huziharibu.

Aliyetatua kitendawili hiki hakuwa daktari wa binadamu. Robin Coombs, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2006, alisomea udaktari wa wanyama Edinburgh. Mwaka 1945 alikuwa Cambridge, Uingereza, akifanya kazi pamoja na Arthur Mourant na Robert Race. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia usiku, ndani ya gari moshi lenye taa hafifu, akirejea Cambridge kutoka London. Wazo lenyewe lilikuwa hili: kingamwili ni aina ya protini iitwayo globulini. Sungura akidungwa globulini ya binadamu, mwili wake hutengeneza kingamwili za kuipiga globulini hiyo. Basi maji ya damu ya sungura huyo yakitiwa juu ya chembe zilizopakwa, yatashika kingamwili iliyo juu ya chembe hii na iliyo juu ya chembe ile, na kuziunganisha. Kilichokuwa kimezama kitaibuka.

Ndivyo ilivyokuwa. Majaribio yalifaulu, na habari zake zikachapishwa mwaka huo huo. Baadaye ilifahamika kwamba Carlo Moreschi, Mtaliano, alikwisha kueleza msingi wa jambo hilo mwaka 1908, lakini kazi yake ilikuwa imesahauliwa. Kwa kipimo hiki ziligunduliwa alama nyingine ambazo hapo awali hazikujulikana: Kell mwaka 1946, Duffy mwaka 1950, Kidd mwaka 1951. Mengi ya majina hayo ni ya wagonjwa au familia zao. Kila jina linakumbusha kwamba nyuma ya kila kingamwili kuna mama aliyepoteza mtoto, au mgonjwa aliyepewa damu iliyomdhuru.

KAZI YA MEZANI

Damu inayotumika katika wilaya ya Kasese hutoka katika benki ya damu ya mkoa iliyoko Fort Portal, kiasi cha kilomita 75 kaskazini ya mji wa Kasese. Huko hupimwa kundi lake, na huchunguzwa isiwe na virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, wala kaswende. Kisha husafirishwa katika masanduku ya baridi kupita Kasese hadi njia panda ya Kikorongo. Hapo barabara moja hushuka kuelekea Katunguru na Mweya, na nyingine hukata magharibi kuelekea Kagando na Bwera. Ikihifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6, damu nzima huweza kukaa hadi siku 35.

Lakini chupa iliyofika salama bado haijawa ya mgonjwa fulani. Kazi ya kulinganisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa hufanywa hospitalini, na ndipo kipimo cha antiglobulini kinapoingia. Mtaalamu wa maabara huchukua maji ya damu ya mgonjwa, huyachanganya na chembe nyekundu za mtoaji katika mrija mdogo wa kioo, na kuuweka mrija katika joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili. Kwa njia ya kawaida hukaa humo kwa nusu saa hadi saa moja. Kama mna kingamwili zilizozama, katika muda huo ndipo zinapozikalia chembe.

Baadaye huja hatua ambayo haionekani kuwa na maana kubwa, nayo ndiyo inayoharibu vipimo vingi: kuosha. Chembe huoshwa kwa maji ya chumvi mara tatu au nne. Kila mara mrija huzungushwa kwa mashine, maji humwagwa yote, na mengine hutiwa. Kwa nini taabu hiyo? Kwa sababu maji ya damu yamejaa globulini za kila namna. Zikibaki, zitaishika dawa ya kipimo kabla haijazifikia zile zilizo juu ya chembe. Ni sawa na polisi wawili waliotumwa sokoni kumkamata mwizi, wakazongwa na umati langoni hata wasimfikie. Wakirudi mikono mitupu, haina maana kwamba sokoni hamkuwa na mwizi.

Baada ya kuosha, matone ya dawa ya antiglobulini hutiwa, mrija huzungushwa tena, kisha hutikiswa polepole mbele ya mwanga. Vibonge vikionekana, damu hiyo haimfai mgonjwa huyo, na nyingine hutafutwa. Visipoonekana, mtaalamu mwaminifu hajaridhika bado. Huongeza chembe ambazo anajua hakika kwamba zimepakwa kingamwili. Hizo lazima zishikamane. Zisiposhikamana, dawa ilikuwa imekufa au chembe hazikuoshwa vizuri, na kazi yote hurudiwa toka mwanzo.

Ndugu wa mgonjwa anayeketi barazani huona saa zinapita, na hudhani kwamba ndani watu wanakunywa chai. Aghalabu sivyo. Kazi hii haina njia ya mkato isiyo na gharama. Zipo dawa za kupunguza muda wa kukaa katika joto hadi kiasi cha dakika 15, na zipo kadi za jeli zisizohitaji kuoshwa, lakini zote huagizwa kwa fedha nyingi. Ukweli usemwe pia kwamba katika hospitali nyingi za Afrika kipimo hufikia nusu ya njia tu. Damu hulinganishwa katika joto la chumba, bila antiglobulini, kwa kuwa dawa imekwisha, umeme umekatika, au mtaalamu wa zamu ya usiku ni mmoja. Hapo uadui unaoonekana huzuiliwa, na ule uliozama hupita.

MAMA NA MTOTO

Kipimo hiki kina njia mbili. Ile iliyoelezwa hapo juu hutafuta kingamwili zinazoelea katika maji ya damu. Njia ya pili ni fupi zaidi: huchukua chembe za mtu mwenyewe, zikaoshwa na kutiwa dawa moja kwa moja, ili ijulikane kama tayari zimepakwa ndani ya mwili. Tangu mwaka 1946 njia hiyo imetumika kwa watoto wachanga wanaozaliwa na manjano makali na upungufu wa damu kwa sababu kingamwili za mama zimevuka kondo la nyuma na kuzishambulia chembe zao.

Katika Uganda watu wasio na alama ya Rh ni wachache, kiasi cha 2 katika kila 100. Uchache huo wenyewe ni hatari, maana jambo lisilo la kila siku husahaulika. Mama wa namna hiyo aghalabu humzaa mtoto wa kwanza salama. Shida huanza kwa wa pili au wa tatu, na majirani huanza kunong'ona habari za uchawi au za laana ya ukoo. Hakuna uchawi hapo. Tangu mwaka 1968 ipo sindano ya kuzuia, nayo hupaswa kutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh, na vile vile baada ya mimba kuharibika. Lakini sindano hiyo huzuia tu, haifuti. Kama kipimo cha antiglobulini kimeonyesha kwamba mama amekwisha kutengeneza kingamwili, sindano haitamsaidia tena, na mimba yake yataka uangalizi wa hospitali kubwa. Kwa sababu hiyo kundi la damu la mama lijulikane katika kliniki ya kwanza ya ujauzito, si usiku wa uchungu.

Yapo pia mambo yanayokivuruga kipimo. Mama mjamzito mwenye shinikizo la damu ambaye ametumia dawa ya methyldopa kwa miezi mingi anaweza kuonekana ana chembe zilizopakwa, ingawa haumwi kitu katika damu. Vile vile uchunguzi uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba watoto wengi wenye malaria huwa na kipimo hiki chenye jibu la ndiyo. Katika nchi ya mbu kama bonde la Kasese, jibu la mrija peke yake halitoshi. Mtaalamu anahitaji kuambiwa mgonjwa anaumwa nini na anameza dawa gani.

KINGAMWILI ZINAPOZAMA TENA

Hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko yote, na ndilo linalozihusu nyumba za askari. Kingamwili zilizotengenezwa hazikai katika damu kwa wingi ule ule siku zote. Baada ya miezi au miaka hupungua, na zile za Kidd zinajulikana sana kwa tabia hiyo, hata kipimo kizuri chaweza kisizione. Lakini mwili haujasahau. Ukipewa tena damu yenye alama ile, huamka na kutengeneza kingamwili nyingi katika siku chache.

Msomaji na amfikirie mke wa askari polisi, mama wa watoto watatu. Miaka sita iliyopita, mumewe alipokuwa Moroto, alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, akaongezewa chupa mbili. Karatasi za hospitali zilitiwa katika sanduku la bati. Uhamisho ukaja, kisha mwingine. Sanduku lilinyeshewa juu ya lori, na karatasi zikatupwa. Sasa wako Kasese, mama ana mimba ya nne, imeharibika, naye anahitaji damu. Mtaalamu anatoka nje na kuuliza:

"Afande, mama amewahi kuongezewa damu?"

Mume ana haraka, amechoka, na anaogopa kwamba jibu refu litachelewesha tiba. Anasema hapana. Kipimo kinafanywa vizuri, hakuna kibonge hata kimoja, kwa kuwa kingamwili zimezama. Damu inatolewa, mama anapata nafuu, anarudi nyumbani. Siku ya saba anashikwa na homa. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na nguvu zinamwishia. Nyumba nzima inasema ni malaria, na dawa za malaria zinanunuliwa dukani. Hakuna anayekumbuka ile chupa ya juma lililopita.

Hali hiyo hutokea kati ya siku ya tatu na ya kumi na nne baada ya kuongezewa damu. Mgonjwa akirudishwa hospitali upesi, na waliomleta wakasema "aliongezewa damu juma lililopita," kipimo kile kifupi cha antiglobulini huweza kuonyesha chembe zilizopakwa, na tiba ikaelekezwa panapostahili. Asipotajiwa mtu, muuguzi naye atafikiri ni malaria. Sentensi moja ya mume, iliyosemwa au isiyosemwa, inaweza kuwa na uzito kuliko mashine yote iliyo ndani.

Wanaohitaji tahadhari zaidi ni wagonjwa wa selimundu, ambao huongezewa damu mara nyingi. Uchunguzi wa wagonjwa 428 wa namna hiyo nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2010, uliona kwamba kiasi cha 6 katika kila 100 walikuwa wametengeneza kingamwili hizi. Ugonjwa wenyewe si mgeni katika nchi ya Rwenzori. Kwa upande wa pili wa milima, miongoni mwa Waamba wa Bundibugyo, ilitangazwa mwaka 1949 kwamba watu kiasi cha 45 katika kila 100 wana urithi wake. Kwa taifa zima, hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha watoto 13 katika kila 100 wenye urithi huo.

PALE BWERA

Mji wa Bwera uko karibu na mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu kwa lugha na kwa damu. Siku ya soko watu huvuka na ndizi, samaki na vitenge, na mgonjwa huvuka vile vile, kwa kuwa mama mwenye uchungu hatazami bendera. Mwezi wa Juni mwaka 2019, Ebola ilipoingia Kasese kutoka Kongo pamoja na familia moja iliyokuwa na mgonjwa, dunia nzima iliona jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba.

Kwa maabara ya damu, mpaka ni mahali ambapo kumbukumbu hukatika. Mama aliyeongezewa damu Beni au Butembo, kama ana karatasi, imeandikwa kwa Kifaransa. Aliyeongezewa Uganda ana karatasi ya Kiingereza. Inayobaki ni lugha ya sokoni. Swali la Kiswahili lililoulizwa kwa upole, "Mama, umewahi kutiwa damu? Umezaa mara ngapi? Hakuna mimba iliyotoka?" ndilo linalojaza pengo. Nalo lijibiwe kwa ukweli, hata kama mama mkwe amesimama karibu. Mimba iliyoharibika si aibu ya kufichwa mbele ya mtaalamu wa damu. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

SIKU YA DHARURA

Zipo siku ambazo saa moja ya kipimo haipatikani. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka 2023, waasi wa ADF walipowashambulia wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, majeruhi walikimbizwa Hospitali ya Bwera. Mtu anayevuja damu kwa risasi au kwa panga, au askari wa hifadhi aliyepigwa na nyati, hawezi kusubiri. Hapo daktari huweza kuamua kutoa damu ya kundi O bila kungoja, kwa kuwa hatari ya kukosa damu ni kubwa kuliko hatari ya kingamwili iliyozama. Kwa wasichana na mama wanaoweza kuzaa, hutafutwa O isiyo na Rh ikiwa ipo.

Lakini hata katika dharura lipo jambo moja lisiloachwa: kuchukua damu kidogo ya mgonjwa kabla ya kumpa ya mwingine, ili kipimo kifanywe wakati chupa ya kwanza inaendelea kuingia. Na baada ya vita au ajali, askari aliyepona ajue kwamba amekwisha kuwa mtu aliyeongezewa damu. Habari hiyo ni sehemu ya mwili wake kama lilivyo kovu, isipokuwa kovu huonekana.

YANAYOIPASA NYUMBA

Serikali ina wajibu wake, nao ni dawa, umeme na wataalamu wa kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, UKIMWI ulipokuwa umeenea, huduma ya damu ya Uganda ilifufuliwa kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, na leo damu iliyo salama na virusi hufika hadi mpakani. Kazi iliyobaki ya kuhakikisha kila kipimo kinafika mwisho wake ni ya kudaiwa bila kuchoka. Lakini ipo kazi ambayo hakuna wizara iwezayo kuifanya badala ya mume na mke.

Kila nyumba iwe na kadi moja ya damu kwa kila mtu. Iandikwe kundi na Rh. Iandikwe kila mara mtu alipoongezewa damu, mwaka na mahali, na kama alipata baridi, homa au manjano baada yake. Kwa mama, ziandikwe mimba zote, zilizozaa na zilizoharibika, na kama alidungwa sindano ya Rh. Ziandikwe dawa anazotumia kwa muda mrefu. Na kama maabara yoyote iliwahi kukuta kingamwili, jina lake liandikwe kwa herufi kubwa, hata kama hakuna nyumbani anayeelewa maana yake. Mtaalamu atakayelisoma baada ya miaka kumi, katika mji mwingine, atalielewa mara moja.

Kadi ikae pamoja na cheti cha ndoa na karatasi za utumishi, na nakala yake ikae katika mfuko wa yule anayesafiri. Uhamisho ukija, isitiwe ndani ya sanduku la bati juu ya lori, bali ibebwe mkononi na mama mwenyewe. Na mtu aliyeongezewa damu akishikwa na homa katika majuma mawili yanayofuata, arudi hospitali kabla ya kwenda dukani, na neno lake la kwanza liwe hilo.

Mtaalamu wa maabara, kwa mrija wake na maji ya chumvi, anaweza kuibua mengi yaliyozama. Yale yaliyozama kupita uwezo wa kipimo chake, mtu pekee awezaye kuyaibua ni yule aliyekuwapo siku ile na akakumbuka kuyasema.